Taazia ya ami yangu niianzeje?

SWALI: Assalaam alaykum, bibi. Ami yangu kafariki. Alipigana vita vya Kagera, akarudi Unguja akaingia polisi hadi kustaafu. Nimetakiwa nisome taazia siku ya hitima. Nina orodha ya vyeo na nishani, lakini naiona kavu. Ninachokikumbuka mimi ni Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Ami alirudi nyumbani hana shati, kamfunika mtoto wa watu ufukweni. Hilo litafaa?
Msomaji, Mkwajuni

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Litafaa, tena anza nalo. Vyeo vitie mstari mmoja. Kagera nayo fupi: majeshi ya Idi Amin yalivamia 1978, jeshi letu likaingia Kampala Aprili 1979, na ami yako alikuwamo. Kama mwenyewe hakupenda kuisimulia vita, usimsemee.

Kisha rudi kwenye shati. Lilikuwa la sare? Mkewe alisema nini alipomwona kifua wazi mlangoni? Kamuulize, kabla hajaingia shughuli za hitima.

Baba yangu naye alikuwa polisi. Kwenye taazia yake tulisomewa vyeo mpaka ubani ukazimika. Hakuna aliyetaja kwamba alfajiri akiwasukumia wavuvi ngalawa, suruali ya sare kaikunja magotini. Nilikuwapo, nikanyamaza. Naona haya mpaka leo.

Ukurasa mmoja unatosha. Andika kwa hati kubwa, macho yakilowa ndogo hutaiona.