Holi zangu tatu hazizai

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Naishi Columbus, Ohio. Miaka 4 iliyopita nilipanda holi tatu (holly, vichaka vya mapambo vyenye majani ya miiba) mbele ya nyumba, zote za aina ya Blue Princess, kwa kuwa kibandiko kilikuwa na picha ya vitunda vyekundu. Kila Mei zinachanua, lakini sijaona hata kitunda kimoja. Mbolea natia. Jirani ana holi inayopukutisha majani, nayo inazaa mpaka ndege wanaijaa. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukukosea kuzitunza. Unaukumbuka mpapai dume, ule unaoning'iniza maua kwenye vikonyo virefu? Holi nazo ziko dume na jike, na zako zote tatu ni majike.

Hakikisha mwenyewe zikichanua. Ua la jike lina kidonge cha kijani katikati, mfano wa punje ya choroko. La dume lina vijiti vinne vyenye unga wa manjano. Huo unga ndio chavua, na nyuki ndiye mbebaji. Wakati wa maua usipulizie dawa ya wadudu kabisa, nakuomba.

Nunua Blue Prince moja, ambayo ni dume, uipande ndani ya mita 15 hivi kutoka yalipo majike. Dume moja linayatosha majike yako yote. Hizi ni za ukoo mmoja: Kathleen Meserve wa Long Island, New York, alichanganya holi ya Uingereza na holi fupi ya Japani, na zinachanua pamoja. Ya jirani ni aina nyingine, huchelewa kuchanua, haikusaidii. Mbolea punguza; ikizidi itakupa majani tu.

Sasa la mkasi, maana hapa ndipo nilipoumia mimi mwenyewe huku Maryland. Dume nilikuwa nalo, lakini kila Septemba nilizinyoa holi zangu zote ziwe duara. Miaka miwili sikupata kitu. Kumbe maua ya mwaka ujao hutokea kwenye matawi yaliyokua mwaka huu, nami nilikuwa nayakata na kuyatupa. Siku hizi nakata vitawi vichache tu Desemba, vya kupambia meza.

Dume likiwa changa bado halina maua, omba kwa mwenye nalo matawi machache yaliyochanua, uyatie kwenye ndoo ya maji kati ya majike yako. Nyuki watamaliza kazi.

Vitunda vikiiva, watoto wasivile. Vinatapisha na kuharisha. Waachie ndege.