Muulize Shangazi: Eti wa kwako unamjua kwa harufu?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni msomaji wako wa Tanga, nimenogewa na zile stori za kwenye simu za watu wanaogeuka mbwa mwitu, yaani dada wa watu kaingia zake ukumbini, jamaa ananusa hewa tu, macho yanabadilika rangi, mnyama wake anamwambia kichwani "huyo wako", basi imeisha. Nacheka usiku peke yangu mpaka mama anagonga ukuta. Sasa mchumba wangu ni fundi friji, alivyonitongoza mara ya kwanza nilimkataa, kaja kurudi baadae kanichekesha kwenye daladala ndo nikalegea. Shoga angu anasema huyo sio fungu langu, wa kwangu ningemjua siku ile ile. Je ni kweli? Na kama ni uongo mbona hizo stori tamu hivi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo shoga ako yeye ana mchumba? Nauliza tu.

Hebu angalia ni wapi hasa huwa unacheka. Sio pale anaponusa. Unacheka kurasa zinazofuata, bwana mkubwa wa kundi zima kasimama na manyoya yake na mabega yake, anatetemekewa na kila mtu, alafu binti anamwambia samahani kaka mimi nina zamu kesho asubuhi, naomba unipishe. Utamu uko hapo. Kama kunusa kungetosha kitabu kingeisha ukurasa wa ishirini na mwandishi angekosa hela ya umeme. Ndo maana stori nyingi za aina hiyo zina mpaka maneno rasmi ya kukataana, mmoja anasimama anataja jina lake kamili, "mimi fulani wa kundi fulani nakukataa kuwa mwenzi wangu", na mara nyingi mwenzie lazima aitikie ndo kifungo kikatike. Talaka kabla ya ndoa, jamani.

Na hili jambo la nusu yako kuzunguka duniani inakutafuta ni la zamani, na lilianza na mchekeshaji. Plato, mwanafalsafa wa Athens huko Ugiriki, kama miaka 2,400 iliyopita, kaandika kitabu cha karamu ambapo wanaume wamekaa wanasifia mapenzi kwa zamu. Zamu ya Aristophanes, mtunzi wa michezo ya kuchekesha, ikafika akiwa na kwikwi, hawezi kusema, ikabidi daktari aliyekuwepo aongee kwanza na amfundishe kubana pumzi na kupiga chafya. Kwikwi ilivyokata ndo akatoa yake, kwamba binadamu zamani tulikuwa wa duara, mikono minne, miguu minne, nyuso mbili, tunabingirika tu, Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, akaogopa kiburi chetu akatukata katikati na tangu hapo kila nusu inatafuta nusu yake. Mtu wa kwikwi huyo ndo leo anawakosesha wachumba usingizi.

Ukitaka kuona kufungwa papo hapo bila kuulizana kunavyouma, kwenye vitabu vya Twilight vya Stephenie Meyer kuna binti anaitwa Leah. Walipendana na Sam kweli kweli, Sam alivyogeuka mbwa mwitu akamwona Emily, binamu yake Leah, moyo ukahama papo hapo, hata yeye hakuwa na la kufanya. Alafu Leah nae akaja kugeuka, na kundi lile wanasikiana mawazo, kwahiyo kila wakigeuka anayasikia ya Sam kichwani mwake. Hakuna aliyemuuliza. Mimi hapo ndo huwa nafunga kitabu naenda kuosha vyombo.

Hata huku pwani wazee walipiga falaki, wakahesabu herufi za jina lako na la mama yako kuona nyota zinaendana, lakini nyota zikikubali bado posa inaletwa na mwali anaulizwa, na wapo waliosema hapana nyota zikabaki na aibu zao.

Sasa wewe ulimkataa fundi wako, ukamwangalia, ukamkubali kwa akili yako timamu. Hiyo ndo sura unayoipenda kwenye vitabu na umeshaipitia bure bila kununua bando. Mwambie shoga ako asome zaidi.

SWALI: Shangazi kwanini hizi stori kila kitabu kapo mpya? Mi nilitaka wale wale. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Wale wameshakubaliana, wagombane nini tena? Kwahiyo mwandishi anahamia kwa kaka mtu, alafu kwa rafiki, alafu kwa adui. Kapo yako utaikuta harusini kwenye kitabu cha tatu, wana mtoto anayeng'ata wageni. Ila usiruke kitabu, yule mkorofi uliyemchukia kwenye cha kwanza mara nyingi ndo bwana harusi wa cha nne.