Nimsifu mwanangu akili au bidii?

SWALI: Mama mmoja wa Kadutu, Bukavu, anauliza: «Mwanangu ana miaka 10, yuko mwaka wa tano wa shule ya msingi. Tangu aanze shule amekuwa wa kwanza darasani, na nyumbani sote tunamwita Profesa. Mwaka huu hesabu za sehemu zimemshinda, na majuzi alibadilisha alama kwenye karatasi ya jaribio kabla ya kunionyesha. Nimeambiwa niache kumsifu akili, nimsifu bidii. Je, jambo hilo lina ushahidi, na nianzie wapi?»

JIBU: Mama, ushahidi upo, ila una mipaka. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck, wa Chuo Kikuu cha Columbia nchini Marekani, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa darasa la tano, yaani rika la mwanao. Watoto walitatua mafumbo ya maumbo na wote wakaambiwa wamefaulu. Kisha baadhi walisifiwa kuwa wana akili na wengine kuwa wamejitahidi. Walipoachiwa wachague kazi inayofuata, asilimia 92 ya waliosifiwa bidii walitaka ile ya kujifunza hata kama wangekosea, ilhali asilimia 67 ya waliosifiwa akili walitaka ile ya kuonekana hodari. Linalokuhusu zaidi ni hili: baada ya kushindwa mafumbo magumu, walitakiwa kumwandikia alama zao mtoto wa shule nyingine wasiyemjua, na asilimia 38 ya waliosifiwa akili waliziongeza, dhidi ya asilimia 13 ya waliosifiwa bidii. Mtoto aliyezoeshwa kwamba alama nzuri ni uthibitisho wa akili yake huisoma alama mbaya kwa kanuni hiyohiyo, na ndiyo maana huificha.

Hata hivyo, usitarajie makubwa. Mwaka 2018 Victoria Sisk na wenzake walijumlisha tafiti nyingi kuhusu mafunzo yaliyotokana na wazo hilohilo la Dweck, ya kuwaaminisha wanafunzi kwamba akili hukua kwa bidii, wakaona kwamba kwa jumla yaliinua matokeo ya shule kwa kiasi kidogo sana. Maneno peke yake hayafundishi sehemu.

Kwa hiyo «umejitahidi» isiwe sifa ya kujibia kila kitu. Mtoto anayerudia kosa lilelile na kuambiwa amejitahidi huweza kuelewa kwamba hamtarajii zaidi kutoka kwake, na anayesifiwa sana kwa kazi rahisi hushuku vivyo hivyo. Taja alichokifanya: «Nimeona umezipa sehemu zote mbili namba ileile ya chini kabla ya kuzijumlisha.» Akikosea, muulize ni hatua ipi aliyoishia kuielewa, kisha mwanzie hapo. Jina la Profesa liacheni polepole bila tangazo, maana kulifuta ghafla baada ya alama mbaya kutakuwa adhabu. Siku ya proklamasio, yaani ya kutangaza matokeo, shule itaendelea kusoma asilimia mbele ya wazazi wote, desturi ambayo mimi siipendi, lakini swali la kwanza njiani kurudi nyumbani ni lako kulichagua.

Kuhusu alama iliyobadilishwa, mwambie waziwazi kwamba umeiona, bila kumwita mwongo mbele ya ndugu zake, kisha mkae pamoja na karatasi hiyo. Mwombe mwalimu karatasi nyingine zenye makosa, usiridhike na buletini, yaani ripoti ya alama, tu, kwa sababu ndani yake utaona kama kinachomshinda ni sehemu zenyewe au ni jedwali la kuzidisha ambalo hakulishika vizuri miaka miwili iliyopita.