Kabla ya kushangilia saa 200 za kuruka

Siku daftari langu la kuandikia saa za kuruka lilipofika saa 200, nilimpigia mama simu nikamwambia kilichobaki ni mtihani wa leseni ya rubani wa biashara. Kesho yake mwalimu alilipitia ukurasa kwa ukurasa, akaniambia, "Bado." Saa nilizoruka nikiwa mwenye dhamana ya ndege, yaani rubani anayeiongoza na kuiamulia, zilikuwa 88 tu. Zilitakiwa 100. Saa 12 za ziada zililipiwa na mkopo wa chama cha mama, na hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo usiulize jumla peke yake. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinataka saa 200, au 150 ukimaliza kozi iliyoidhinishwa, ambapo saa za dhamana hushuka hadi 70. Katika saa hizo za dhamana, 20 ziwe za safari za uwanja hadi uwanja, na safari moja isipungue kilomita 540, utue na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Kuna pia mafunzo ya saa 10 ya kuruka kwa kutegemea ala, yaani vipimo vya ndani ya ndege badala ya kutazama nje, na kati ya hizo, za ardhini kwenye simuleta, mashine ya kuigiza ndege, zisizidi 5. Kanuni za nchi yako zisome mwenyewe, maana ndizo utakazopimwa nazo.

Mimi niliponzwa na woga. Wilson, uwanja wa ndege wa Nairobi nilikojifunzia, iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Jua likiwa kali hewa huwa nyepesi, na Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, hupanda polepole mno. Basi kila mchana nilimwomba mwalimu aje nami. Saa anazokufundisha ni halali, zinaingia kwenye jumla, lakini dhamana ni yake. Dawa ilikuwa rahisi: kuomba ndege ya saa moja asubuhi, hewa ikiwa bado baridi, niende peke yangu.

Safari ndefu nayo usiiweke mwisho. Yangu ilikuwa Wilson, Malindi, Mombasa, kisha kurudi, na mawingu yalinichelewesha Mombasa hadi kesho yake. Aliyebakiza wiki moja kabla ya mtihani angefanyaje?

Kila Ijumaa jumlisha kila safu kwa penseli, kivyake, na umwonyeshe mwalimu. Na kama hujalipa hata saa ya kwanza, tangulia kwa daktari wa anga ukapimwe afya ya daraja la kwanza, macho na uwezo wa kutofautisha rangi pamoja, ndipo utoe ada.