Jua, klorini na watoto bwawani: maswali yenu wiki hii

Shikamoo daktari. Mi ni mweusi tii, wenzangu tukienda kuogelea wanajipaka losheni ya jua nawacheka tu. Hiyo si ya wazungu? Halafu mtu ukiwa ndani ya maji jua linakufikiaje? – Mweusi Tii

Marahaba, ila cheka taratibu. Weusi wako unasaidia kweli, melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, inachuja mionzi ya UV, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ndo maana huungui haraka kama mtu mweupe, lakini kuchuja sio kuzuia. Ngozi nyeusi inaungua pia, shida yake wekundu hauonekani vizuri, we unasikia tu mabega yanawaka ukivaa shati, baadae ngozi inabanduka au unabaki na madoa halafu unasema ni klorini. Na macho je? UV inachangia mtoto wa jicho, hiyo haijali rangi ya mtu. Kama una ualbino basi hesabu ya kuchuja haikuhusu kabisa, jikinge kila mara.

Kuhusu maji, nusu mita chini UV bado ina nguvu kama asilimia 40 ya ile ya juu, na mabega na uso viko nje muda wote. Kinachowadanganya watu ni ubaridi, ukiwa umepoa unaona jua limepoa, wakati joto na UV ni vitu viwili tofauti, hata siku ya mawingu unaweza kuungua vizuri tu.

Losheni usihangaike na namba kubwa kubwa. SPF ni ile namba ya kinga kwenye chupa: SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya UVB, aina ya UV inayounguza ngozi, na SPF 50 kama 98, tofauti ndo hiyo. Kinachowaangusha wengi ni kupaka kidogo kama marashi halafu basi mpaka jioni. Paka ya kutosha robo saa kabla ya kutoka, rudia kila masaa mawili na kila ukishajifuta taulo, maana hata zile za kustahimili maji huwa zimepimwa kwa dakika 40 au 80 tu. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni kivuli na fulana ya kuogelea ya mikono mirefu vinashinda losheni yoyote, na havihitaji kurudiwa.

Bwawa tunaloenda linanuka klorini balaa, macho yanakuwa mekundu. Si ndo usafi huo? – Baba Mapacha

Hapana aisee, ni kinyume chake. Klorini ikikutana na jasho na mkojo (ndio, mkojo, na sio wa watoto peke yao) inageuka kloramini, hiyo ndo inanuka na kuwasha macho. Bwawa lililotunzwa vizuri halinuki sana. Kuoga dakika moja tu kabla ya kuingia kunapunguza sana huo uchafu, ila watu bafu la pale wanalipita kama hawalioni.

Na lile jua linalokuunguza linakula klorini pia, kwenye bwawa la wazi ambalo halina asidi ya sayanuriki ya kuilinda, ndani ya masaa machache nyingi imeshaisha, kwa hiyo maji yaliyopimwa asubuhi mchana yanaweza kuwa hayana kinga. Muulize mhudumu amepima saa ngapi, ataona unamsumbua, muulize tu. Klorini isipungue 1 ppm (sehemu moja kwa milioni) na pH, kipimo cha uchachu wa maji, iwe kati ya 7.0 na 7.8. Halafu chungulia upande wa kina kirefu, kama huoni mfuniko wa bomba la chini usiingie, maana mtu akizama hapo nani atamwona?

Mwanangu alikuwa anaharisha, jana kapona. Nikimvalisha pampasi ya kuogelea leo aingie? – Mama Mwenye Haraka

Asiingie mama. Pampasi haizuii uharo, inavuja. Bakteria wa kuharisha E. koli anakufa chini ya dakika moja kwenye klorini ya kutosha lakini kriptosporidiamu, kimelea kingine cha kuharisha, inaishi humo zaidi ya siku 7, na mtoto akimeza maji kidogo tu imempata. Hata aliyepona anaweza kuendelea kuitoa, kwa hiyo kama ni hiyo iliyomuumiza asubiri wiki 2 toka kuharisha kuishe.

Wa miezi minne nimpake losheni ya jua? – Binti

Hapana, chini ya miezi 6 ni kivuli, kofia na nguo nyepesi ndefu.