Maswali ya Wasomaji: Chupa Moja ya Dawa, Watoto Wawili

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka miwili aligunduliwa kuwa na nimonia, nikapewa amoksilini ya unga ya kuchanganya na maji, anywe asubuhi na jioni kwa siku 5. Leo ni siku ya tatu, homa imeshuka na anacheza, na mama mkwe ananishauri niache dawa isije ikamchosha. Kaka yake wa miaka minne naye ameanza mafua na kikohozi. Je, dawa itakayobaki nimpe yeye? Kifuniko cha kupimia kimepotea, kwa hiyo natumia kijiko cha chai.
Mama wa watoto wawili

JIBU: Marahaba, mama. Nafuu hiyo ni habari njema, na inaonyesha kwamba dawa inafanya kazi. Hata hivyo, homa hushuka kabla bakteria wote hawajaisha kifuani, na ukikatiza dozi leo ugonjwa unaweza kurudi. Idadi ya siku hupangwa kwa kufuata ugonjwa: wengine hupewa siku 3, na baadhi ya magonjwa ya koo huhitaji 10. Kwa hiyo mmalizie siku zake 5, isipokuwa aliyemwandikia dawa abadilishe maelekezo. Mama mkwe mweleze kwa upole, maana naye anamwonea mtoto huruma.

Kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni kijiko. Kipimo kinachoandikwa kwenye chupa ni cha mililita, lakini vijiko vya nyumbani havilingani: kimoja hubeba mililita 3, kingine hufika 7, na mtoto mdogo anayepunjwa au kuzidishiwa hivyo kila asubuhi na jioni hapati dawa aliyoandikiwa. Mwombe mfamasia bomba dogo la plastiki lisilo na sindano, lenye mistari ya mililita. Vuta dawa hadi mstari ulioelekezwa, ukiliinua bomba usawa wa macho, kisha mkalishe mtoto wima na umtilie kidogo kidogo upande wa ndani wa shavu, si moja kwa moja kooni, asije akapaliwa. Usiichanganye na chupa nzima ya maziwa, kwa sababu akiyaacha nusu hutajua amekunywa dawa kiasi gani.

Uchanganyaji nao una utaratibu wake. Chupa hugongwagongwa kwanza ili unga ulioganda chini uachie, ndipo yatiwe maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, itikiswe, povu litulie, kisha maji yaongezwe hadi kwenye mstari. Wengi hujaza povu likiwa bado juu, na dawa hutoka nzito kuliko inavyotakiwa. Tikisa chupa kila mara kabla ya kupima, kwani unga hutuama. Andika tarehe ya kuichanganya, kwa kuwa dawa ya aina hii hudumu siku 7, nyingine 14, kama kibandiko kinavyosema, hata ikitunzwa vizuri.

Hapo swali la kaka yake linapata sehemu ya jibu. Dozi ya mdogo ilipigiwa hesabu kwa uzito wake, nazo chupa zenyewe hutofautiana nguvu: mililita 5 za chupa moja huwa na miligramu 125, za nyingine 250. Zaidi ya hayo, mafua na kikohozi mara nyingi huletwa na virusi, ambavyo antibiotiki kama amoksilini haziviui. Mtoto ataambulia kuharisha au upele, na bakteria waliomo mwilini mwake watapata nafasi ya kujenga usugu, yaani kutosikia dawa. Mpe vinywaji kwa wingi na umwangalie anavyopumua. Akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikifika 40 au zaidi, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunywa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Dawa iliyobaki irudishe kwa mfamasia.

SWALI: Mtoto wangu hutapika baada ya kunywa antibiotiki. Nimpe tena?
Baba wa mtoto mmoja

JIBU: Akitapika kabla ya dakika 30 kupita, kwa kawaida dozi ileile hurudiwa mara moja, zikishapita, ngoja zamu inayofuata, wala usimpe maradufu. Akitapika kila dozi, mrudishe kwa daktari ili abadilishiwe dawa au njia ya kupewa. Vipele vinavyovimba na kuwasha, uso au midomo kuvimba, au kupumua kwa shida ni jambo jingine kabisa: hiyo huweza kuwa dalili ya mzio. Acha dawa, mkimbize hospitali ukiwa na chupa yake mkononi, na mzio ukithibitishwa, jina la dawa liandikwe kwenye kadi ya mtoto.