Maswali na Majibu: Kumbukumbu za Parokia za Vijijini Uingereza

Naona parokia ya kijiji ikitajwa mara kama kanisa, mara kama serikali ya mtaa. Ni ipi hasa?

Zote mbili. Kwa karne nyingi zilikuwa kitu kimoja: kikao cha kanisani ndicho kilichoshughulikia barabara na, chini ya sheria ya 1601, kutoza kodi ya kuwalisha maskini. Sheria ya 1894 ikayatoa mambo ya kiraia mikononi mwa kanisa. Tangu hapo mipaka ya parokia hizo mbili huenda isilingane, basi amua kwanza unatafuta ipi, na ya mwaka gani.

Kanisa ni la karne ya 12, lakini daftari la ubatizo linaanza 1558. Mengine yako wapi?

Amri ya kuandika ubatizo, ndoa na mazishi ilitolewa 1538 na Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII. Kabla ya hapo usitarajie daftari. Wengi waliandika kwenye karatasi, na karatasi haziwezani na unyevu wa kanisa la mawe. Mwaka 1598 ikaamriwa zinakiliwe kwenye vitabu vya ngozi, mkazo ukiwekwa kwenye miaka ya utawala wa Malkia Elizabeth I, ulioanza 1558. Wanakili waliochoka wakaanzia hapohapo, na yaliyotangulia yakapotea.

Amri hiyohiyo ilidai nakala ya kila mwaka ipelekwe kwa askofu. Nakala hizi ni hazina ambayo watafutaji wengi huipita. Ukikuta ukurasa umechanika au jina halisomeki, ziulizie katika hifadhi ya nyaraka ya kaunti. Ila hazitakuokoa kwenye pengo la vita vya wenyewe kwa wenyewe, miaka ya 1642 hadi 1660, kwa sababu uaskofu wenyewe ulifutwa kwa sehemu ya kipindi hicho.

Wazazi walifunga ndoa Mei 1714, mtoto akabatizwa Februari 1714. Alizaliwa nje ya ndoa?

Hapana. Hadi 1751 mwaka wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, hivyo Februari 1714 ilikuja baada ya Mei 1714. Kwa hesabu yetu ni Februari 1715: miezi tisa kamili, ndoa haina doa. Andika 1714/15 ili atakayekufuata asikwame. Kumbuka pia kwamba Septemba 1752 ilirukwa siku 11. Baada ya tarehe 2 ikafuata 14. Na daftari linaandika siku ya kubatizwa, si ya kuzaliwa. Wapo waliobatizwa wakubwa, hata ndugu kadhaa kwa siku moja.

Nitajuaje familia ililima shamba gani?

Tafuta ramani ya zaka. Zaka ilikuwa sehemu ya kumi ya mazao, haki ya kanisa. Sheria ya 1836 iliigeuza malipo ya fedha, na kwa ajili hiyo mashamba yakapimwa. Chukua namba iliyo juu ya shamba, kisha uifungue kwenye jedwali linaloandamana na ramani. Humo mna mwenye ardhi, anayeitumia, jina la shamba, matumizi yake, ukubwa na malipo. Mwenye ardhi na mkulima mara nyingi ni watu wawili tofauti, na babu wa watu wengi yumo kwenye safu ya pili.

Kosa la kawaida ni kusoma 3.2.10 kama desimali. Ni ekari 3, ruudi 2 na pechi 10. Ruudi 4 ni ekari moja, pechi 40 ni ruudi moja. Jumla ni ekari 3.56, karibu hekta 1.44.

Ramani haipo? Huenda zaka ilishafidiwa kwa ardhi wakati mashamba ya pamoja yalipogawanywa na kuzungushiwa ua. Hapo omba hati ya mgawanyo huo.

Je, ni kweli Askofu Edward Steere wa Zanzibar alitokea parokia ya kijijini?

Steere, aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili, alizaliwa London, lakini alikuwa kasisi wa Little Steeping, Lincolnshire, alipoondoka 1863 kuja Afrika na Askofu Tozer, naye akitoka Burgh le Marsh, kaunti hiyohiyo. Wapenzi wa historia ya Kiswahili wana pa kumtafuta: fomu za ubatizo zilizochapwa kuanzia 1813 zina safu ya aliyebatiza. Asipokuwepo, saini ni ya kasisi mwingine.

Nisugue jiwe la kaburi ili maandishi yaonekane?

Usisugue. Brashi ya waya, dawa ya kung'arisha na chaki huondoa uso wa jiwe pamoja na herufi. Mimea midogo iliyoganda juu yake iache. Ukiibandua hutoka na chembe za jiwe. Nenda jua likiwa chini, au elekeza mwanga kwa kioo kutoka ubavuni, vivuli vijaze herufi, kisha piga picha. Kusafisha kunahitaji ruhusa: anza na kasisi, kwa kuwa kazi kubwa hupitia idhini ya dayosisi, na jiwe ni mali ya warithi wa marehemu. Kama hulioni kabisa, usishangae. Maskini walizikwa bila jiwe, na mawe ya nje ya kabla ya karne ya 17 ni adimu.